Aliyeitika Ijumaa

"Muuaji wewe!" Magreth alikuwa ameshapanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, kidole kimevuka ua wa mabati. "Mtoto wa watu umemtoa ndani mwenyewe, kwa mkono wako, umempeleka wapi? Sema hapa, afande akusikie!"

"Nimuue kwa lipi? Kwa pampu ya baiskeli?" Twalibu alijibu kutoka upande wake, kanzu ya nyumbani imelowa jasho asubuhi yote hiyo. "Umemficha humo chumbani, unampikia, kesho mimi nikalale ndani badala yake! Fungua mlango tuone!"

"Ukague chumba changu wewe kama nani? Bwana afya?"

Umati ukaangua kicheko. Jumatatu ile Gongoni ilikuwa imefurika uchochoroni kama siku ya arusi. Waliokuwa wanakwenda sokoni walisimama na vikapu, waliokuwa wanarudi wakasimama pia, na mwenye kibanda cha chapati akahamisha jiko lake lote akalileta karibu na ugomvi. Mji huu wa Tabora tangu enzi za misafara umezoea habari ziupitie kwanza kabla hazijakwenda kwingine. Hapa hakuna siri. Kuna waliochelewa kusikia tu.

Inspekta Apolinaria aliegesha pikipiki ya kituo, akavua kofia, akaja kusimama penye pengo la ua, katikati ya wagomvi.

"Mama Magreth, shuka kwenye ndoo. Baba Twalibu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umemsikia huyu?"

"Nimemsikia tangu nikiwa barabarani. Sasa nataka kukusikia wewe. Pole pole, toka mwanzo."

Twalibu alikuwa fundi baiskeli. Msaidizi wake alikuwa kijana mmoja wa Ulyankulu, kwenye makazi ya Warundi, mpole, maneno yake ya kuhesabu, aliyepanga chumba kwa Magreth. Wiki mbili zilizopita mteja alileta baiskeli itiwe upepo, kumbe ya wizi. Polisi walipofika, mteja hayupo, kijana ndiye aliyeishika. Akapelekwa mahabusu ya Malundi.

"Baiskeli ilikamatwa kibandani kwangu," Twalibu alisema. "Ningekaa kimya ningekuwa mtu? Ijumaa nikaenda mahakamani, nikatia saini, nikawa mdhamini. Hati ikatangulia Malundi, mimi nikawahi swala. Natoka msikitini, naenda langoni, naambiwa, 'Mzee, mtu wako ameshatoka.' Ametoka kwenda wapi? Mpaka leo sijamtia machoni! Kesi yake kesho. Asipotokea, hakimu ananiweka mimi."

"Na mimi je?" Magreth aliruka. "Mama yake yuko sebuleni kwangu tangu Jumamosi, chakula hakipiti! Nimwambie nini?"

Mama mwenyewe alikuwa kizingitini, Jeska, kitenge cha kanisani mabegani, bakuli lililofunikwa mapajani. Alikuwa amelibeba bakuli hilo kutoka Ulyankulu hadi Malundi, akaambiwa mwanawe ametoka. Akalileta Gongoni, akaambiwa hajafika, na tangu hapo kila asubuhi analijaza chakula kipya.

"Ameonekana Sikonge!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Sikonge wapi? Kavuka mpaka, karudi Burundi!"

"Burundi atarudi vipi mahali ambapo hajawahi kufika? Kazaliwa hapo Ulyankulu!"

"Jamani, jamani, nipisheni!" Kijana wa bodaboda, jaketi la njano kifuani wazi, alipenya kwa viwiko. Alikuwa Shomari, anayeegesha mbele ya Malundi kila siku. "Afande, mimi ndiye niliyembeba. Ijumaa, toka lango la Malundi hadi stesheni ya reli."

Uchochoro mzima ukasema aaah!

"Una hakika ndiye?" Apolinaria aliuliza.

"Nilimuuliza, braza unaitwa nani? Akasema, 'Justini, mtu huru!' Yule bwana anachekesha! Njia nzima ananipigia porojo, mpaka nikapita tuta bila kupunguza mwendo. Mrefu, pengo hapa mbele, anapiga mluzi kupitia hilohilo pengo."

"Justini ndio nani tena?" Magreth akauliza.

"Si ndiye Ndai, msaidizi wangu!" Twalibu akajibu. "Hilo ndilo jina lake la mahakamani. Hata mimi nimelijulia kule."

Jeska aliinuka, bakuli mkononi.

"Mwanangu ana meno yote," alisema. "Na mluzi hajui."

Apolinaria akamgeukia Shomari, akamrudishia swali la urefu, la pengo, la sauti. Shomari hakuteleza hata mara moja. Mtu aliyempakia hakuwa kijana wa Ulyankulu. Mtu mwingine ametoka Malundi kwa jina lake.

"Basi huyu wetu yuko wapi?" Magreth alinong'ona, na kunong'ona kwa Magreth kulisikika nyumba ya tatu.

"Mama," Apolinaria alimwambia Jeska, "umewahi kupanda pikipiki?"

"Nimewahi kupanda trekta."

"Basi unaweza. Twende."

*

Ofisi ya mahabusu ya Malundi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo linalotazama uani, kunakokaa mahabusu. Mafaili yalipanda ukutani hadi darini. Mashine ya kusoma alama za vidole ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa chupa ya chai.

"Inafanya kazi?" Apolinaria aliuliza.

"Chupa?" alisema Afande Mathias, mkuu wa mahabusu, mtu mnene aliyependa kujibu akiwa ameketi. "Ah, mashine. Inasubiri fundi."

Karani wake, Konsolata, alikuwa amesimama pembeni, macho mekundu. Asubuhi hiyo alikuwa ameshapewa barua ya kujieleza: kwa nini mtu aliyemwachia haonekani, na nani alimpa nini. Jeska alikaribishwa kwenye benchi nje ya mlango, bakuli lake mapajani.

"Tusipotezeane muda, Inspekta," Mathias alisema. "Hati ililetwa, jina likaitwa, mtu akaitika, akatoka. Akienda kwao, akienda mwezini, hayo si ya Malundi."

"Aliyetoka hakuwa yeye."

"Haiwezekani."

"Aliyetoka ana pengo. Mwenye jina ana meno yote."

Mathias akaweka kikombe chini. "Sikiliza. Kama mwenye jina amebaki humu ndani, kwa nini hakuitika? Mtu anasubiri dhamana wiki mbili, anasikia jina lake, halafu ananyamaza? Kichaa? Na idadi imetimia. Ijumaa jioni imetimia, leo asubuhi imetimia."

"Mnahesabu vichwa au majina?"

"Vichwa. Wanachuchumaa watano watano, askari anapita."

"Kichwa hakina jina, afande. Ametoka mmoja, amepungua mmoja. Hata angetoka nani, idadi yako ingetimia."

Apolinaria akamgeukia karani.

"Dada Konsolata, alipotoka ulimpa vitu vyake?"

"Alivikataa, afande." Konsolata aliuendea ukuta wa nyuma, akarudi na mfuko wa plastiki uliofungwa kamba. Ndani mlikuwa na rozari, simu ndogo ya batani na spana ya baiskeli. "Alisema ana haraka, anasubiriwa, atavifuata siku nyingine. Nikamwambia, hata simu? Akacheka. Akasema, 'Dada, nikishatoka humu nitapiga kelele, simu ya nini?'"

"Ukaona sawa?"

"Ijumaa watu ni wengi, afande. Na alichekesha." Machozi yakamtoka. "Sikupewa kitu na mtu. Naapa kwa mama yangu aliyeko Sikonge."

"Usiape. Nionyeshe kazi yako. Ijumaa ulisimama wapi ukiita?"

"Hapo dirishani."

"Simama. Ita kama ulivyoita. Neno kwa neno, sauti ileile."

"Inspekta, hiyo ni michezo," Mathias alisema.

"Ni michezo. Ita, dada."

Konsolata alifuta uso kwa kiganja, akashika nondo, akavuta pumzi. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, kali, ya kwaya. "Justini Aloooois! Justini Aloooois, dhamana!"

Uani, mahabusu waligeuka kutazama dirisha. Hakuna aliyejibu. Mathias akatandaza mikono: umeona?

Lakini Apolinaria hakuwa anatazama uani. Alikuwa anatazama benchi la nje. Jeska alikuwa palepale, anaondoa sisimizi kwenye bakuli lake, mmoja mmoja. Hakuwa ameinua hata kichwa.

"Mama Jeska. Umesikia tulivyoita?"

"Nimesikia, mwanangu. Mnaita mtu."

"Tunamwita nani?"

"Nitajuaje? Akina Justini humu ni wengi."

"Justini Alois si mwanao?"

Jeska akasimama taratibu. "Mwanangu ni Ndayisenga. Alois ni baba yake, tulimzika mwaka wa mvua kubwa. Mnamwita marehemu?"

Konsolata akadakia. "Lakini mama, jina la baba si ndilo la pili? Mimi ni Konsolata Eliya, baba yangu Eliya. Kila mtu yuko hivyo."

"Nyinyi. Sisi kila mtoto anakuja na jina lake. Mkubwa ni Niyonkuru, huyu ni Ndayisenga, mdogo ni Nduwimana. Baba mmoja, tumbo moja. Hilo la Justini alilipewa na padri siku ya ubatizo, nasi tukaliacha kanisani hukohuko. Nyumbani hakuna aliyewahi kumwita hivyo."

"Hata Gongoni," Apolinaria alisema. "Magreth hakulijua. Twalibu kalijulia mahakamani." Aliongea haraka sasa, anatembea kati ya meza na dirisha. "Polisi waliandika majina yote matatu. Mahakama ikachukua mawili ya kwanza, kama inavyochukua ya Mnyamwezi yeyote, jina na baba. Hati ikaja na mawili. Dada hapa akaita mawili. Kijana kasikia anaitwa mtu asiyemjua, pamoja na mtu aliyekufa, akatulia akisubiri zamu yake. Uliita mara ngapi kabla hajatokea mtu?"

"Mara ya tatu, afande! Mbili za kwanza kimya!" Konsolata alikuwa ameshika kifua. "Mama yangu! Ya tatu ndiyo akaja yule wa pengo, anakimbia, anasema samahani dada, nilikuwa chooni!"

"Mwerevu. Kasikia jina halina mwenyewe, kalichukua." Apolinaria akampisha Jeska dirishani. "Mama, njoo. Ita wewe."

Jeska alimpa Konsolata bakuli. Akashika nondo kwa mikono miwili.

"Ndayisenga! Ndayisenga we!"

Kwa muda kulisikika kunguru tu juu ya paa. Halafu, kutoka kivuli cha mbali cha ukuta, nyuma ya migongo ya watu, sauti nene ya kijana ikajibu:

"Karame!"

Hivyo ndivyo mtoto aliyelelewa anavyomwitikia mzazi wake kwao. Jeska aliachia nondo akaketi sakafuni, anacheka, anapiga sakafu kwa kiganja. Uani watu waligawanyika kupisha njia, na kijana mwembamba mwenye ndevu za wiki mbili alikuja anakimbia mpaka dirishani, askari mmoja anamkimbiza nyuma, hajui amzuie au ashangilie.

"Mama! Nimesubiri kuitwa! Nimemuuliza nyapara kila asubuhi, ananiambia jina lako likifika utalisikia!"

"Na Ijumaa?" Apolinaria aliuliza kupitia nondo. "Waliita Justini Alois. Hukushtuka?"

Kijana alifikiri, uso ukabadilika. "Kumbe ilikuwa mimi? Nilisikia nikadhani kuna Alois mwingine. Jirani yangu akaniuliza, 'Unamjua huyo?' Nikasema simjui. Akasema, 'Ngoja nikawaambie hayupo.' Akaondoka. Hakurudi."

"Jirani gani?"

"Adriano. Mwenye pengo."

Mathias aliinuka kwenye kiti kwa mara ya kwanza. Adriano alikuwa ni yule aliyevunja ghala la asali na kumwacha mlinzi amelala na kichwa kilichopasuka. Mtu aliyenyimwa dhamana mara mbili. Hakuna aliyemtafuta kwa sababu kila mtu alijua yuko ndani.

Apolinaria alikuwa ameshapiga simu. Stesheni, Shomari alisema. Treni ya Ijumaa ni ya magharibi. Pale Kaliua njia inagawanyika, ya Kigoma na ya Mpanda, na mtu akishapita hapo, kumpata ni kazi ya mwaka.

"Kaliua? Inspekta Apolinaria, Tabora. Namtafuta mwanamume mrefu, pengo la mbele, anapiga mluzi, mchekeshaji... Nini?"

Akaweka sauti ya simu juu, wote wasikie.

"...yuko hapa stesheni, afande!" Askari wa zamu wa Kaliua alikuwa anapiga kelele kushinda upepo. "Mvua imekata tuta la reli, treni ya Mpanda haijaondoka tangu Jumamosi! Abiria wote wamelala hapa. Huyu ndiye anayewachangamsha, wanamletea hadi mihogo! Anaitwa Justini."

"Usimsogelee kwanza. Mtu mmoja apite nyuma yake aseme Adriano, kama anayemwita rafiki. Aliyegeuka mkamate."

Walisikia buti kwenye kokoto, watu wakicheka mbali, mluzi. Halafu sauti ya askari, tamu kabisa: "Adriano, ndugu yangu!" Mluzi ukakatika. Kelele, kitu kikaanguka, mwanamke akapiga yowe, simu ikakoroma.

"Kageuka!" askari alirudi, anahema. "Kageuka na kutabasamu juu! Tumeshamtia pingu!"

Konsolata alimkumbatia Jeska, bakuli katikati yao. Hata askari wa uani alipiga makofi. Mathias peke yake ndiye aliyekuwa amerudi kwenye kiti, anapangusa shingo.

"Vizuri. Huyo arudishwe. Na huyu kijana atabaki hadi tutakapopata maelekezo."

"Abaki kwa nini?"

"Inspekta, kwenye kumbukumbu huyu ameshatoka Ijumaa. Siwezi kumtoa mtu aliyekwisha kutoka. Nitaandika nini?"

"Basi afande, kama ameshatoka, unamshikilia kwa hati gani?"

Mathias alipekua daftari mbele yake.

"Kama ametoka, huyo uani ni mgeni wako, na mgeni hafungiwi mlango. Kama hajatoka, hati yake ya kuachiwa iko hapo mezani na haijatumika. Chagua moja. Mimi yote mawili yananifaa."

Konsolata alikuwa ameshakivuta kidau cha wino. "Jina nitaandika yote matatu, afande," alisema, hakumtazama mtu, "na la tatu ndilo nitakaloita."

Mathias alitazama mashine chini ya chupa ya chai, akamtazama Jeska aliyekuwa sasa anamshika mwanawe vidole kupitia nondo.

"Na ile barua ya kujieleza," Apolinaria aliongeza, "nadhani mwenye mashine iliyofunikwa kitambaa ndiye ajieleze."

"Mwiteni," Mathias alisema.

Konsolata alikwenda dirishani. Hakuhitaji kuita, kijana alikuwa pua na nondo. Karani aliita hivyo hivyo, kwa nguvu zote za kwaya, na uani mzima ukaitika.

*

Habari zilifika Gongoni kabla yao. Shomari alikuwa ametangulia na honi, na alipowarudia njiani alikuwa na bodaboda nyingine sita nyuma. Ndayisenga aliingia uchochoroni nyuma ya Apolinaria, mama yake kwenye pikipiki ya pili anapunga bakuli tupu. Kijana alikuwa amelimaliza langoni Malundi, amesimama, kwa vidole.

Magreth alilia, akamkagua meno, akalia tena. Mwenye chapati aligawa chapati. Mtu aliyesema Sikonge alidai alisema Malundi. Ndayisenga alipita kwenye pengo la ua, akaenda upande wa pili.

Twalibu alikuwa ameketi mbele ya mlango wake, mgongo ameupa uchochoro, anakaza nyororo ya baiskeli ambayo haikulegea.

"Mzee. Kesho tunakwenda wote mahakamani?"

"Tunakwenda," alisema Twalibu, hakugeuka. "Kanyoe ndevu. Hakimu atadhani nimemletea baba yako."

Kijana akacheka. Twalibu akageuka, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili yenye grisi, akamtazama, kisha akamsukuma. "Nenda kwa mama zako. Wanapika."

"Na wewe?"

"Mimi ni muuaji. Wauaji wanakula kwao."

Magreth aliyasikia, maana hakuna ambalo Magreth halisikii. Aliingia jikoni. Wanawake walimsikia anahangaika na kuku, anamtukana kuku, anamtukana na jirani wa ng'ambo ya ua hali kadhalika. Alipotoka alikuwa amembana jogoo wake mwekundu kwapani, yule wa kuamsha mtaa mzima, na kisu mkononi. Uchochoro ukampisha. Alipita kwenye pengo la ua, akasimama mbele ya Twalibu.

"Shika."

Twalibu alimtazama jogoo, akakitazama kisu. Nyumbani kwa Mkristo wa Moraviani kama Magreth, kuku akichinjwa na mwenyewe, jirani Mwislamu hamli. Na kila mtu pale alijua maana ya kisu hicho kuvuka ua.

"Unaniletea mimi?"

"Nimletee nani? Imamu? Chinja kwa bismillahi yako, nikakate, nikaunge nazi. Usinisimamishe juani."

"Asubuhi uliniita jina gani vile?"

"Asubuhi ni asubuhi. Mzee mzima unakumbuka maneno ya asubuhi?"

Twalibu aliweka spana chini, akanawa mikono kwenye ndoo, polepole, kama mtu anayetaka kuombwa mara ya pili. Alimlaza jogoo kuelekea kibla. Ilipokwisha, alimrudishia Magreth kisu, kipini mbele, akarudi kuketi kwenye kigoda chake.

"Unaketi tena?" Magreth alisema, jogoo anachuruzika damu mkononi. "Mkeka umeshatandikwa, wageni wananisubiri, afande naye kashavua buti. Haya, Baba Twalibu, inuka. Ingia ndani tule."